Ombi Moja, Pikipiki Tatu

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji usichoshe macho kumtafuta mwingine katikati ya hadithi.

Yote yalianza na pikipiki tatu zilizosimama langoni kwa Mzee Bethwel, upande wa Kimulot. Juu ya kila pikipiki, mpandishaji wa ng'ombe. Mgongoni mwa kila mpandishaji, mtungi wa baridi wenye mbegu ya dume. Kila mmoja alikuwa na karatasi kutoka Kericho inayomwagiza afike hapo haraka. Na ng'ombe aliyetaka dume alikuwa mmoja tu. Alikuwa amesimama uani akiwatazama wanaume wale watatu kama anayejiuliza amesemwa nini huko mjini.

Chama chetu cha ushirika wa maziwa kilikuwa na wapandishaji hao hao watatu, basi. Asubuhi ile hakuna ng'ombe mwingine wa mwanachama aliyeguswa, kuanzia Kericho mpaka mpaka wa Sotik.

Mzee Bethwel hakulalamika. Aliwakaribisha wote ndani, akaagiza mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, akasema tangu ajiunge na chama hajaona huduma kama hii. Wapandishaji walibishana kwa adabu nani arudi mjini. Mursik ulikuwa mzuri, kwa hiyo hakurudi mtu.

Huduma hiyo niliitengeneza mimi, Ouko.

Zamani mkulima aliandika kikaratasi, akakitia ndani ya kisanduku pale wanapopeleka maziwa, na lori la maziwa likakibeba hadi Kericho. Kikifika, ng'ombe alikuwa ameshasahau alichokuwa anataka. Ndipo nilipojitokeza, mimi niliyejifunza kompyuta kwa kufungua zile ambazo wenzangu wametupa, nikamwambia Bwana Bosire, meneja wa chama, kwamba naweza kukiua kile kisanduku.

Nilikiua kweli. Sasa Syprose, karani wetu wa Kapkatet, alifungua ukurasa kwenye kompyuta yake. Kompyuta ilizungumza kwa laini ya simu na ile kubwa ya Kericho. Syprose alijaza nambari ya mwanachama, akabonyeza kitufe kilichoandikwa TUMA, na kule Kericho mashine ikatema karatasi. Mpandishaji akaichukua karatasi, akapiga pikipiki teke, akaenda.

Kulikuwa na kasoro moja ndogo. Ukishabonyeza, laini ya simu ilijikokota kama punda wa kuazima, na ukurasa ulikaa kimya. Haukusema ndiyo wala hapana. Mzee Bethwel alikuwa amesimama nyuma ya Syprose akiungoja useme. Ulipokataa kusema, akamwambia abonyeze tena. Kisha tena. Na kila kitufe kilipobonyezwa, Kericho ilihesabu ng'ombe mpya.

Bosire aliniita ofisini. Nikamjibu kwa sentensi ambayo watu wa kazi yangu huitumia wakikosa nyingine.

"Kompyuta haidanganyi, Bwana Meneja. Mzee ndiye alibonyeza mara tatu."

Akaniuliza kwa upole kama nataka amrudishe Mzee Bethwel shuleni, au anirudishe mimi kwenye kibanda cha kutengeneza redio alikonitoa. Sikuwa na hamu ya redio. Akanipa mpaka kesho.

Syprose naye alinipigia simu kunieleza upande wa mzee. Kwao, alisema, mtu akifika kwenye boma la mwenzake husimama nje akaita. Asipoitikiwa, huita tena, kwa sababu kimya maana yake hujasikika. Anayeita mara moja tu na kugeuka ni mtu aliyekuja na ubaya wake. Nilicheka. Nikamwambia Syprose kompyuta si boma.

Nikaingia kazini.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa maandishi mekundu chini ya kitufe: USIBONYEZE MARA MBILI. Kabla ya chai Syprose alipiga simu tena. Watu wameyasoma, akasema, na sasa kila anayeingia anataka kujua ukibonyeza mara mbili hutokea nini.

Dawa ya pili ilikuwa ya kitaalamu zaidi. Kitufe kikibonyezwa mara moja, kinakufa. Hapo nilijipongeza. Kisha mvua ikanyesha, laini ikakatika katikati ya safari, na Syprose akabaki na kitufe maiti bila kujua kama ombi limefika au limezama mtoni. Akafanya ambacho hata wewe ungefanya. Alifunga ukurasa, akaufungua upya, akatuma tena. Kumbe la kwanza lilikuwa limefika. Karatasi mbili, ng'ombe mmoja.

Dawa ya tatu ndiyo iliyonimaliza.

Lazima ujue nilikozaliwa. Baba yangu alitoka kule ziwani kuja kuchuma majani, nami nikazaliwa kwenye laini za nyumba za shamba kubwa la chai. Pale kila mfanyakazi ana nambari yake. Baba ana yake, mama ana yake. Kwenye mizani ya majani haitwi mtu kwa jina, huitwa nambari, na nambari ikiitwa hujitokeza mtu mmoja, jasho moja, kikapu kimoja. Nimekua nikijua kwamba nambari ni mtu na mtu ni nambari.

Basi nikaiamuru kompyuta hivi: nambari ya mwanachama ikishaingia leo, ikija tena leo, ifukuze. Niliandika hata maneno ya kuifukuzia: UMESHAOMBA LEO. SUBIRI.

Nilijaribu. Ombi la kwanza likapita, la pili likafukuzwa. Nilicheka peke yangu kama mtu aliyeokota pesa. Bosire akatikisa kichwa kwa kuridhika. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, na kila aliyekutana nami barabarani aliuliza kama ni kweli kompyuta zote zitakufa mwaka elfu mbili ukigonga mlango. Nilikuwa nimewaahidi yangu haitakufa. Kuhusu mimi mwenyewe sikuahidi kitu.

Asubuhi iliyofuata nilifunga tai, nikaenda Kapkatet. Kazi huko sikuwa nayo. Nilikwenda kusifiwa.

Syprose hakunisifu. Aliitazama tai, akaitazama mvua dirishani, akaniuliza nani amekufa.

Kabla sijapata jibu, mlango ulifunguliwa akaingia mama mmoja aliyevaa gambuti na gunia la plastiki kichwani, anahema. Syprose akamwita Mama Tecla, akamvutia kiti. Mama akakikataa kiti. Akasema Silvia anataka dume tangu alfajiri.

Silvia ni ng'ombe. Kwa Tecla, Silvia ndiye ng'ombe wa pekee.

Nikuambie alichotueleza, kwa sababu hadithi yote ya leo imefungwa shingoni mwa huyo Silvia. Alikuwa amekosa kushika mimba mara mbili. Mara moja barabara ilikatwa na mvua na mpandishaji hakufika. Mara ya pili alifika, lakini mimba haikushika. Tecla ni mjane, na boma ni moja na shemeji yake, Isaiah, mdogo wa marehemu. Majani ya kulisha ni yale yale kwa ng'ombe wa nyumba zote mbili. Isaiah alikuwa ameshatamka mbele ya wazee kwamba ng'ombe asiyezaa ni mgeni anayekula bila kushika jembe. Wakapatana hivi: Silvia akitaka dume tena na asipandishwe, Jumamosi mchinjaji wa Ndanai atakuja na kamba.

Na ng'ombe hamngojei mtu. Ameanza alfajiri, jioni amemaliza.

"Basi tumebahatika," nikasema, nikivuta tai. "Siku hizi ni kubonyeza tu."

Syprose akauliza nambari. Tecla akaitaja. Syprose akajaza, akabonyeza TUMA. Tukangoja. Laini ikajikokota, ikajikokota, ikafika.

UMESHAOMBA LEO. SUBIRI.

Tecla hakusoma. Alitusoma sisi nyuso, akauliza kimeandikwa nini.

Hapo ndipo ilinipasa kunyamaza. Badala yake nilisimama mbele yake kama mwalimu wa zamu nikamweleza kwamba ameshaomba asubuhi, amesahau tu, na kwamba kompyuta haidanganyi. Nikaongeza kidogo kuhusu subira.

Tecla alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Syprose.

"Huyu kijana ameniona wapi asubuhi? Mimi nilikuwa nashika Silvia kwa pembe."

Syprose alikuwa ameshaelewa. Alinieleza polepole, kama mtu anayemvua mtoto mwiba. Asubuhi, alipofungua tu, alikuja Isaiah kuombea ng'ombe wake. Na Isaiah alitoa nambari hii hii.

"Amechukua nambari ya Mama?" nikauliza.

"Si ya Mama. Si ya Isaiah. Ni ya boma," akasema Syprose. "Ouko, huku nambari ni ya boma. Ya marehemu mzee wao. Watoto wote wanapeleka maziwa na hiyo. Hukujua?"

Sikujua. Mimi mtoto wa laini za chai, ningejulia wapi? Nilikijengea chama kizima cha wakulima sheria ya mizani ya majani. Hata boma lenye nyumba nne na ng'ombe kumi nililifanya mtu mmoja mwenye ng'ombe mmoja, na ole wake akitaka wa pili kabla ya kesho.

Nikamwomba Syprose anipishe kiti. Nikabonyeza. UMESHAOMBA LEO. Nikabonyeza tena, labda imekosea. UMESHAOMBA LEO. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba Kericho ingesikia uzito wa kidole. Nilipoinua macho, Syprose alikuwa amekunja mikono akiniangalia.

"Imeandikwa usibonyeze mara mbili," akasema. "Kwa wino nyekundu."

Tukakata kompyuta ili laini ile ile itumike kwa simu, maana ilikuwa moja. Syprose akapiga Kericho. Iko kwenye matumizi. Akangoja, akapiga tena. Iko kwenye matumizi. Tawi la Ndanai lilikuwa limeishika laini ya ofisi ya Kericho, ambayo si ile ya kompyuta, tangu asubuhi, na halikuonyesha dalili ya kuiachia.

Tecla akalirudisha gunia kichwani. Akasema kama ombi la Isaiah limepita, basi mpandishaji yuko njiani kuja kwenye boma lao sasa hivi, na yeye anaenda kumngoja langoni. Hakutuomba tufuatane naye.

Syprose akanisukuma mgongo. Alisema kama nimemfunga mama wa watu mlango, angalau niende nikasimame naye nje ya huo mlango.

Sitakueleza njia ile. Inatosha kusema kwamba viatu vyangu vilikuwa vya ofisini na udongo wa Kapkatet haujali ofisi. Tecla alitembea mbele bila kugeuka. Mara ya kwanza nilipoanguka alisimama, akangoja niamke. Mara ya pili hakusimama.

Lakini matope yana elimu yake. Nikiwa huko nyuma, nikijikongoja, nilianza kuona nilipokosea. Nilikuwa nimetia alama kwa mwenye ng'ombe, wakati alama ilitakiwa iende kwa ombi lenyewe. Ndama akizaliwa, wakulima humkata alama ya sikio. Akipita langoni asubuhi akapita tena jioni, mtu haandiki ndama wawili, hutazama sikio. Fomu nayo iwe hivyo. Ikifunguliwa tu, kabla hata hujajaza neno, kompyuta kubwa iipe alama yake ambayo hakuna fomu nyingine inayo. Ikifika Kericho mara tano kwa sababu laini ni mbovu au mzee ana wasiwasi, alama ni ile ile, kwa hiyo ombi ni lile lile, na karatasi ni moja. Fomu isiyojibiwa isipotee ukurasa ukifungwa; karani akiirudia, hata kesho yake, irudi na alama ile ile. Tecla akifungua fomu yake, hiyo ina alama nyingine hata kama nambari ya boma ni moja. Ipite.

Na jambo la pili. Ombi likirudi mara ya pili lisifukuzwe. Lijibiwe jibu lile lile la kwanza, kwa adabu: nimesikia, mtu anakuja. Aliyeita akiitikiwa, hana sababu ya kuita tena.

Nilifurahi sana nikasahau kutazama mbele, nikaanguka mara ya tatu. Na dawa yenyewe ilikuwa bado kichwani mwangu. Silvia hakuhitaji kichwa changu.

Tulifika langoni pamoja na pikipiki. Alikuwa Kimutai, mmoja wa wale wapandishaji watatu, mdogo kuliko wenzake, mtungi mgongoni na matope mpaka kwenye nyusi. Isaiah alikuwa ameshatoka kumpokea, mwavuli mkononi. Akamsalimu, chamgei, akaitikiwa, akaanza kumwongoza upande wa nyumba yake.

Kimutai hakusogea. Alikuwa anatazama karatasi, halafu anatazama boma.

"Mzee, ngoja kidogo. Hapa si ndipo mwenzangu alikuja asubuhi? Nimekutana naye Litein. Akaniambia ametoka kwa Isaiah, ng'ombe ameshapandishwa, na chai ya hapa ni tamu."

Isaiah alikohoa. Kisha akaeleza bila aibu, kwa kuwa hakuona la kuonea aibu. Jana jioni alikwenda kuomba kule Kapkatet. Akabonyezewa, laini ikakatika, hakujibiwa. Akalala na wasiwasi. Asubuhi akarudi, akaombewa tena. Kumbe la jana lilikuwa limefika, na mpandishaji akaja mapema. Na la leo nalo limefika. Ndilo hili.

Nikahesabu kichwani nikasikia masikio yanawaka. Sheria yangu ilitazama siku tu. Ombi la Isaiah la jana na la leo lilikuwa moja, lakini usiku ulikuwa umepita katikati, kwa hiyo likapita kama jipya. Ombi la Tecla lilikuwa jipya kabisa, lakini lilikuwa la leo, kwa hiyo likafukuzwa. Pacha nilimfungulia mlango, mgeni nikamfungia. Mtu akitaka kukosea zaidi ya hapo lazima apewe msaidizi.

Tecla alishasogea karibu na pikipiki.

"Kimutai, una mbegu ngapi imebaki?"

Alikuwa na moja. Nyingine alikuwa amezimaliza njiani.

"Basi twende kwa Silvia. Ya Isaiah imeshafanywa."

"Mama Kipkurui, pole pole," akasema Isaiah, akimwita kwa jina la mwanawe. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Hii ni yangu. Ng'ombe yangu ipigwe ya pili, ishikilie ya kwanza."

Kimutai akasema kitaalamu hakuna haja, moja ikipigwa vizuri inatosha. Isaiah akamwambia kitaalamu chake akiweke kwenye mtungi. Karatasi inasema nini? Kimutai akakiri karatasi ina nambari ya boma, haina jina la ng'ombe. Nafasi ya jina la ng'ombe kwenye fomu niliiondoa mimi, ili fomu iwe fupi na ya kisasa.

"Mliona?" akasema Isaiah. "Nimeita mara mbili, nimeitikiwa mara mbili. Ya kwanza yangu, ya pili yangu. Mama aombe yake kesho."

Kesho. Silvia alianza kulia nyuma ya nyumba, ile sauti ndefu ya ng'ombe anayeita dume, na wote tukaisikia. Jua, kama lilikuwepo nyuma ya mawingu yale, lilikuwa limeshaegemea upande wa Sotik.

Nikaona ni zamu yangu kuokoa mambo. Nikajitokeza na tai yangu ya matope, nikamweleza Isaiah habari ya alama ya sikio. Nikamwambia ombi lake la jana na la leo ni ndama yule yule aliyepita langoni mara mbili. Nilieleza vizuri, nadhani. Kimutai alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Isaiah akanisikiliza kwa heshima. Kisha akainyoosha karatasi mbele ya pua yangu.

"Sawa. Nionyeshe sikio."

Niliitazama karatasi mbele na nyuma. Haikuwa na alama yoyote. Alama ilikuwa kichwani mwangu tangu kwenye matope, ikawaje ifike kwenye karatasi ya asubuhi?

"Hakuna?" akasema. "Basi ni ndama wawili. Na si wewe ndiye yule Ouko anayesema kompyuta haidanganyi? Syprose alituambia maneno yako. Kompyuta imetoa karatasi mbili. Imedanganya?"

Nikafungua mdomo. Ningesema imedanganya, ningekuwa nimejifuta kazi mbele ya mashahidi. Ningesema haikudanganya, Silvia angekwenda Ndanai kwa kamba. Mdomo ukabaki wazi, mvua ikaingia.

Kimutai akanivuta pembeni. Nilidhani ananipa mawazo. Kumbe alikuwa na ujumbe aliosahau. Ofisi ya Kericho imejaa watu wa Ndanai, akaninong'oneza, wamekuja na lori zima. Kule kikundi chote cha wakulima kina nambari moja, na tangu asubuhi amepita mmoja tu, wengine wote wamefukuzwa. Wanauliza Ouko ni nani na ana urefu gani. Bwana Bosire amewaambia wakae, Ouko atapita hapo jioni.

Miguu yangu, ambayo siku nzima ilikuwa inateleza, ilisimama imara kwa mara ya kwanza. Haikutaka kwenda popote.

Langoni mabishano yaliendelea bila mimi. Isaiah alikuwa ameshashika usukani wa pikipiki, anaigeuza taratibu kuelekea kwake. Alirudia hoja yake kama wimbo wa kanisani, aliyeita mara mbili akaitikiwa mara mbili ana haki mbili, na kama kuna mtu ana jibu, alitoe.

Tecla hakugusa pikipiki. Alivua gunia kichwani, akalikung'uta maji, akalikunja.

"Shemeji, siku ya harusi yako mimi nilikuwa kwa kiti ya mbele. Mvua ilikuwa inapiga mabati, pasta hakusikia, akauliza bibi yako mara ya pili kama amekukubali. Bibi akaitika tena. Ulirudi hapa na mabibi wawili?"